Maziwa ya Jumapili

Maziwa yalifika Jumapili baada ya misa, kama kawaida, na Perpetua akampa mbwa.

Si mbele ya aliyeyaleta. Hilo asingelifanya, alikuwa mke wa watu na alilelewa vizuri. Alikipokea kibuyu kwa mikono miwili, akasema asante Mama Hermani, Mungu akuzidishie, akamsindikiza Zita mpaka ukingoni mwa korongo linalotenga kaya zao mbili. Akasimama pale akimwangalia anavyopanda ng'ambo na kanga yake mpya ya maua mekundu. Kanga ilipotokomea nyuma ya nyumba ya bati, Perpetua akarudi, akatafuta kile kisahani cha mbwa kilichovunjika ukingo, akamimina yote.

Bura, mume wake, alikuwa ameketi kwenye kigogo akitia mpini jembe. Akainua kichwa.

"Unampa mbwa maziwa?"

"Mbwa naye ni kiumbe."

"Na watoto wako ni nini?"

"Watoto wangu hawatalelewa kwa maziwa ya Zita."

Bura akacheka. "Mama Niko, wewe utakufa na jicho. Mwenzako anakuletea kwa wema."

"Wema gani unaochagua siku? Kwa nini asilete Jumatano? Lazima iwe Jumapili, watu wanatoka kigangoni, wote waone Zita anavuka korongo kwenda kumlisha maskini wake."

Mzee Qamara, baba yake Bura, alikuwa anaota jua mlangoni huku blanketi limefika kidevuni. Alikuwa mtu wa maneno machache, wa enzi ambazo mwanaume akisema mara moja ilitosha. Akakohoa.

"Maziwa ya kibuyu hicho msimpe mbwa," akasema.

"Kwa nini, baba?" Perpetua akauliza kwa adabu.

"Nimesema tu."

Moyoni Perpetua alijibu: hata wewe, mzee, amekupata. Wote mnamwona Zita ni malaika.

Wala hakuwa mvivu wala mchawi, huyu Perpetua. Alikuwa mwanamke wa sala, anayeamka kabla ya jogoo, anayejua kulima mteremko bila kuuacha udongo ushuke. Lakini wivu hauulizi kama umeshasali. Ulimwingia taratibu tangu Gervasi, mume wa Zita, alipopata kazi ya udereva kwenye mashamba ya ngano ya serikali, kule chini kwenye mbuga. Zamani Gervasi na Bura walikuwa sawa, wote wana viraka magotini. Sasa Gervasi alirudi mwisho wa wiki akinuka dizeli na ana buti za mpira. Mwaka ule sukari ilikuwa ya foleni na sabuni ilikuwa ya kukatwa vipande kwa uzi, lakini nyumbani kwa Zita povu lilionekana kwenye beseni mpaka likamwagwa nje. Akaezeka bati. Akanunua redio. Na ng'ombe wake, hasa yule jike mwekundu aliyeitwa Baka kwa lile baka jeupe pajani, alikuwa na kiwele ambacho Perpetua hakuweza kupita bila kukitazama.

Kila asubuhi akitoka kufungulia mbuzi wake, jicho lilivuka korongo lenyewe. Lilianza kwa bati, likashuka kwa zizi, likaishia kwa Baka.

*

Masika yale yalikuwa mazuri, na hilo ndilo lililowauma watu baadaye. Mahindi ya Bura yalishafika magotini. Maharage yalitoa maua. Perpetua alipokuwa akipalilia alithubutu hata kuimba, na aliposimama kunyoosha mgongo alilinganisha shamba lake na la ng'ambo, akaona lake limetangulia kidogo. Kidogo tu, lakini siku hiyo alikula ugali kwa furaha.

Siku ya mnada wa Nangwa, Bura na mzee walitoka mapema. Mzee hakuwa na cha kuuza, lakini alisema anataka kuona ng'ombe wanakwenda bei gani. Watoto walikuwa shuleni. Perpetua alibaki peke yake na mbuzi waliofungwa bandani na mbwa wake aliyenenepa.

Alasiri mlima ulipotea. Si kwa ukungu wa kawaida wa Hanang, ule unaokaa kileleni kama kofia ya mzee. Lilikuwa wingu jeusi lenye tumbo la kijani, linashuka mteremko kwa haraka, na mbele yake upepo wa baridi unaonuka chuma. Ndege wakanyamaza. Kisha ikasikika sauti kutoka juu msituni, kama lori la ngano linalomwaga mzigo wake kwenye sakafu ya mbao.

"Yesu na Maria," akasema Perpetua. "Mvua ya mawe."

Akakimbilia ndani, akachomoa tawi la mtende lililobarikiwa Jumapili ya Matawi, lile lililochomekwa nyuma ya picha ya Moyo Mtakatifu. Mama yake alimfundisha hivyo: mvua ikija kwa hasira, choma jani la baraka, moshi wake ukatoke nje. Akaliweka kwenye makaa. Lilianza kufuka. Akachukua beseni la kufulia, akalifunika kichwani, akatoka kuangalia banda.

Ndipo alipomsikia.

Langoni alikuwa amesimama ng'ombe, analia. Lango la zizi lilikuwa la miti mitatu ya kulaza, na huyu ng'ombe alikuwa ameshauangusha mmoja kwa kifua, anausukuma wa pili. Mawe ya kwanza, bado madogo kama maharage, yalikuwa yakimrukia mgongoni. Mwekundu. Baka jeupe pajani. Ng'ombe wa Zita walikuwa wakichungwa upande huu juu ya msitu; bila shaka wametawanyika na mchungaji amejificha.

Ndani ya banda kulikuwa na nafasi. Perpetua aliiona nafasi hiyo, pale pembeni ya mbuzi, pakavu, penye majani. Ilikuwa ni kuvuta mti mmoja na kusogea pembeni.

Akamtazama Baka. Baka naye akamtazama, na kope zake zilikuwa na barafu.

"Hamna bati kwenu?" Perpetua akasema. Alisema kwa sauti, kama anayesema na mtu. "Nenda kwenye bati lenu."

Akauinua ule mti ulioanguka, akaurudisha mahali pake. Na kwa kuwa ng'ombe aliendelea kusukuma, akachukua kamba ya mbuzi, akaufunga mti wa juu kwenye nguzo kwa fundo gumu. Jiwe kubwa kama yai la bata likapiga beseni kichwani mwake, likalia kama kengele. Akakimbia ndani.

Alipiga magoti karibu na makaa, jani la baraka linamalizika kuungua, akaanza Salamu Maria. Paa la nyasi lilikuwa likipigwa kama linatwangwa. Kila alipofika "utuombee sisi wakosefu" alimsikia ng'ombe nje, akapandisha sauti. Baadaye akawa hamsikii tena. Akajiambia ameshaenda kwao.

*

Mawe yalipokoma dunia ilikuwa nyeupe.

Bura na mzee walirudi wakitembea juu ya barafu kama watu wanaotembea juu ya chumvi, miguu inazama mpaka kwenye vifundo. Watoto walirudi kutoka shule wakipiga kelele, mikono mekundu, wamejaza barafu midomoni. Wao walidhani ni sikukuu. Niko, mkubwa wao, alimletea mama yake bonge lililogandana na ua la haragwe katikati. "Mama, ona, ni zuri!"

Perpetua akalipokea, akaliona ua, akakaa chini.

Shamba halikuwepo. Penye mahindi palisimama vijiti vilivyochanwa kama ufagio wa zamani. Maharage yalikuwa yamezikwa. Maji ya barafu yaliteremka korongoni kwa ngurumo, yakibeba udongo, matawi na kuku wa watu.

Lakini si hayo yaliyomfanya apaze sauti. Alipaza sauti alipotazama ng'ambo. Mawe yalikuwa yameshuka yakilifuata korongo kama mpaka. Upande huu, kufa. Upande ule, mahindi ya Zita yalikuwa yamelowa tu, yanang'aa, yanapepea.

"Ona!" akamvuta Bura mkono. "Ona mstari! Mungu amechora mstari!"

"Mawe hayana macho, Mama Niko."

"Haya yalikuwa nayo. Yamemwona mwenye bati yakapita."

"Nyamaza. Watu watasikia."

"Wasikie! Mimi ninayechoma jani la baraka, mimi nimepigwa. Yeye sidhani hata kama alikunja mikono kusali."

Mzee Qamara hakutazama ng'ambo. Alikuwa ameinama langoni, anashika ile kamba.

"Nani amefunga lango kwa kamba?"

"Mimi, baba. Upepo ulikuwa mkali."

Mzee akatikisa kichwa taratibu, akaanza kuifungua kamba kwa shida, maana lile fundo lilikuwa limelowa. Kisha akaona ni usumbufu bure, akaiacha vilevile nusu.

*

Siku iliyofuata hakuna aliyeshika jembe. Mzee alikataza. Kwa wazee wa upande ule, ardhi iliyopigwa mawe huachwa ipumue kwanza. Anayeichokoza siku ya pili anaita mengine. Kwa hiyo walikaa, wakitazama weupe unavyogeuka kijivu, kijivu kinageuka tope.

"Kupanda upya bado inawezekana," akasema Bura. "Mvua bado zipo. Lakini mbegu tulikula. Na mwenye maksai wa kukodi siku hizi anataka pesa mkononi, hataki ahadi."

"Kaombe kwa Gervasi," akasema Perpetua, kwa ule ulimi wa kuchoma. "Wanacho. Watakupa kwenye kibuyu."

"Nitaomba ikibidi."

"Ukiomba, mimi narudi kwetu Gitting."

Mzee akagonga fimbo chini. "Msigombane juu ya kaburi. Nina kitu mahali."

Wakamgeukia wote wawili.

"Kitu gani, baba?" Bura akauliza.

"Kitu chenye miguu minne." Mzee akatabasamu kidogo, na meno yake yaliyobaki yakaonekana. "Mnadhani nilikwenda mnadani kunywa pombe? Mwenye akili halazi ng'ombe wake wote zizi moja. Maradhi yakija yakute wengine wako kwa watu. Nilimweka mmoja kwa rafiki, zamani, akiwa mtamba, hajazaa bado. Yeye anatunza, anakamua, na mbolea ni yake. Ng'ombe wangu, na uzao wangu. Ndivyo tulivyofanya siku zote, na hatusemi ng'ombe gani ni wa nani, maana macho ya watu ni mengi." Akamtazama mkwewe bila ubaya. "Hata macho ya nyumbani. Nilikuwa namngojea siku ya shida. Siku ndiyo hii. Nitamwita arudi. Jana nimeona wanavyokwenda: kwa ng'ombe kama yule tunapata mbegu, maksai wa kulima, na watoto wanakula mpaka mavuno."

Bura akafuta uso kwa kiganja. Perpetua alifarijika. Na mara moja, kabla hata ya kumshukuru Mungu, wazo la pili lilikuja: Zita sasa ataona. Ataniona nakamua ng'ombe wangu mwenyewe, hapa, zizini kwangu, hata kama ni siku mbili kabla hajauzwa. Akatabasamu peke yake.

"Mungu ni mkubwa, baba," akasema. "Nani anamtunza?"

Mzee hakuwahi kujibu. Mbwa alibweka, na kule ukingoni wakatokea watu wawili wanavuka korongo.

*

Gervasi alitangulia. Hakuwa na buti zake. Alikuja peku, na begani alibeba kitu kizito kilichoviringishwa kama mkeka. Nyuma yake Zita, na beseni kichwani lililofunikwa kwa majani ya mgomba. Hakuvaa kanga ya maua. Alijifunga kanga kuukuu ya msibani.

 Wamekuja kunishtaki, Perpetua akawaza. Ng'ombe wao amekufa na wamekuja na ushahidi begani. Akajipanga: nitasema sikusikia. Mawe yalikuwa na kelele, nani angesikia?

"Shikamoo baba," Gervasi akasema, na akapiga goti moja, mtu mzima yule.

"Marahaba. Amani?"

"Amani, baba. Lakini habari si nzuri." Akashusha mzigo wake, akaukunjua juu ya majani. Ilikuwa ngozi mbichi, nyekundu. Akaivuta vizuri ili sehemu ya paja ionekane, na baka jeupe likaonekana mbele ya wote. "Tumekuleteeni ngozi. Na nyama iliyobaki baada ya maji ni hii, hatujaonja hata kipande. Hatukuficha kitu."

Mzee Qamara aliinuka kutoka kwenye blanketi lake. Akaja taratibu, akainama, akaweka kiganja juu ya lile baka jeupe kama mtu anayempima mtoto homa.

"Baka," akasema.

"Ndiye, baba."

Perpetua aliwatazama mmoja mmoja. Hakuelewa kwa nini mtu aliyefiwa na ng'ombe anapiga goti mbele ya asiyefiwa. Kisha Zita naye akatua beseni, akapiga magoti, na hakumgeukia mzee. Alimgeukia yeye.

"Mama Niko, utusamehe. Mlitupa mali yenu tuitunze, na imetufia mikononi."

Mali yenu. Lile neno lilimchukua muda Perpetua, kama mtu anayesikia jina lake likiitwa kutoka mbali. Mali yenu. Kiwele kile. Maziwa yale. Akageuka kumtazama mzee, mzee akaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo.

"Alifia wapi?" Bura akauliza, sauti yake imepasuka.

"Korongoni, chini kidogo ya lango lenu," Gervasi akasema. "Mchungaji alijificha pangoni, hatumlaumu, angekufa yeye. Wenzake walikimbilia msituni wakapona. Huyu peke yake ndiye aliyeshuka huku. Sijui kwa nini. Nadhani aliteleza, maji yakamchukua."

"Mimi najua kwa nini," akasema mzee. "Alikuwa anarudi kwao. Alizaliwa hapa, kwenye banda lile." Akamgeukia mkwewe, na macho yake yalikuwa na maji. "Kabla hujaolewa, mama, Bura akiwa mbali na nyumbani. Mimi mwenyewe nilimfuta ute. Mawe yalipomzidi akakumbuka."

Perpetua alishika nguzo ya mlango.

Waliongea mengi baadaye, kama watu wanavyoongea msibani, ili kimya kisikae. Gervasi alisema ndama wa Baka yuko salama, jike, bado ananyonya. Wamemgawia maziwa ya ng'ombe mwingine. Kwa desturi ndama ni wa mwenye ng'ombe, akitaka amchukue hata leo. Mzee akafikiri.

"Abaki kwenu," akasema. "Nyumba hii imepigwa. Haina majani, haina maziwa. Na ninyi mnajua kutunza. Ng'ombe wangu alinenepa kwenu. Nilikuwa namwona kila siku nikiota jua pale mlangoni, nikifurahi. Ndama abaki kwa mtu mwenye mkono mzuri."

Alisema bila kumlenga mtu, na kwa hiyo ilimwingia Perpetua mpaka kwenye mfupa.

"Na Bura," Gervasi akaongeza, akitazama vidole vyake vya miguu, "pale shambani wanachukua vibarua wa palizi. Ukija Jumatatu nitakuonyesha kwa msimamizi. Si kazi ya kujivunia. Lakini kuna posho ya unga, na mbegu nyumbani ipo kidogo, tutagawana."

Bura, ambaye miaka yote alimtania Gervasi kwamba ni mtumwa wa king'ora cha shamba, akampa mkono. "Nitakuja," akasema. "Asante, ndugu yangu."

Perpetua alisikia mume wake akisema asante kwa nyumba ya Zita, na hakuwa na Gitting pa kurudi.

*

Ngozi ni ya mama wa nyumba. Ilibidi iwambwe siku ileile kabla haijaharibika, na kuwamba kunataka watu wawili: mmoja avute, mwingine apige vigingi. Wanaume walikuwa wanakata nyama. Zita akachukua upande mmoja bila kuambiwa.

Walifanya kazi kimya, wamechuchumaa kwenye kipande pekee cha ardhi kilichoanza kukauka. Kila kigingi kilitoa sauti ya tope.

"Mama Niko," Zita akaanza, "nataka nikwambie jambo, lisinikae. Mimi nilikuwa nakuogopa."

"Mimi?"

"Wewe. Kila asubuhi ukisimama pale kufungulia mbuzi, unatazama zizi letu. Nikisema, mwenye mali anakagua mali yake. Nikimwambia Gervasi, Mama Niko leo ametazama sana, labda Baka amekonda. Nikimwongezea pumba." Akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Kila Jumapili nakuletea sehemu yenu, unapokea huku hunitazami usoni, narudi nalia njiani. Nasema maziwa ni machache, ameona aibu kunisema tu. Na nikakuonea wivu, Mungu anisamehe. Wewe unalala huna bati lakini una ng'ombe kwa watu. Mimi nalala kwenye bati na ng'ombe wa watu."

Perpetua akaiweka nyundo chini.

"Sikujua," akasema. "Hawakuniambia. Zita, mimi sikujua ni wetu."

Zita akaacha kuvuta.  Kisha akatazama langoni, penye miti mitatu.

"Pale langoni," akasema polepole, "udongo umechimbwa kwa kwato kama mahali pa kunyweshea. Alisimama pale sana. Na mti wa juu una kamba, fundo jipya. Niliona tangu asubuhi tulipopita korongoni kumtafuta. Sikutaka kuuliza mbele ya wanaume."

Kutoka bandani mbuzi alilia. Perpetua alikuwa na majibu mengi. Upepo. Kelele. Giza. Yote yalikuwa yamepangwa mdomoni tangu walipovuka korongo, na yote yangetosha.

"Nilifunga mimi," akasema. "Nilimwona."

"Ulimwona ni Baka?"

"Nilimwona ni wako."

Machozi hayakumtoka Zita, wala hakupandisha sauti, wala hakusema nimekusamehe. Alishika ukingo wa ngozi kwa mikono miwili, akaegemea nyuma kwa uzito wake wote.

"Vuta," akasema. "Upande wako umelegea."

*

Kabla jua halijazama Perpetua alimwambia mzee. Alimwambia akiwa amesimama, maana alijua akipiga magoti atalia, na akilia mzee atamhurumia kabla ya kusikia mpaka mwisho. Mzee alisikiliza akitazama moto.

"Nilikwambia maziwa yale usimpe mbwa," akasema hatimaye.

"Ulisema, baba."

"Ningekwambia na sababu." Akachochea moto. "Tulificha ili macho ya watu yasimwone. Kumbe tulimficha mwenye nyumba." Akavuta blanketi. "Ngozi ikikauka uitandike kitandani kwako. Sikuadhibu. Ni haki ya mama wa nyumba. Lakini utailalia."

Siku zilizofuata mzee hakumwambia Bura. Hilo alimwachia mwenyewe, na Perpetua alimwambia mumewe alipokuwa anafunga mzigo wake wa kwenda kwenye kibarua. Bura aliondoka bila kuaga. Mwisho wa wiki alirudi na unga. Hakuuliza kitu, hakucheka, na hakumtania tena kuhusu jicho.

Jumapili Perpetua alikaa benchi la nyuma kigangoni. Alipofika nyumbani hakutazama korongo. Alijua hakuna kitakachovuka. Sehemu yao ilikufa na Baka. Akawasha moto, akabandika maji.

Mbwa akabweka mara moja, akanyamaza, akatikisa mkia.

Zita alikuwa amesimama langoni na kibuyu. Amevaa kanga ya maua mekundu.

"Hodi hapa."

"Karibu, Mama Hermani." Perpetua akafuta mikono. "Lakini sisi hatuna haki tena ya hicho."

"Najua," Zita akasema. "Ya leo ni ya ng'ombe wangu. Yamebaki baada ya ndama wenu kushiba." Akampa, akageuka, hakungoja kusindikizwa.

Perpetua alibaki amesimama, kibuyu kifuani, bado cha moto. Akamwangalia anavyopanda ng'ambo, na kitu kilekile cha zamani kikamnyanyukia kooni, kikali kama pilipili. Hakikuwa cha bati. Hakikuwa cha kanga wala redio. Alimwonea wivu Zita kwa kuweza kubeba kibuyu kile, siku ile, kwa miguu yake mwenyewe. Hilo asingeweza kulimaliza kwa kulikodolea jicho kutoka ng'ambo.

Akawaita watoto. Akawamiminia mmoja mmoja, kuanzia mdogo, mpaka kibuyu kikatoa sauti ya utupu. Akakiosha kwa maji ya moto, akakifukiza kwa kaa la mti wenye harufu nzuri, akakifunika kwa kitambaa safi, akajifunga kanga ya kutokea. Hakuwa amewahi kukirudisha mwenyewe. Siku zote alingoja Zita akifuate.

Mbwa alikuwa ameketi kando ya kisahani chake kilichovunjika ukingo, anangoja, anamtazama.

"Leo hamna yako," Perpetua akamwambia, akaiinua miti ya lango mmoja mmoja, akaiegemeza pembeni, na akashuka korongoni akiliacha lango wazi.